Nyuma Alikuwa Nani

Tangu nihamie Uswisi kusoma, baba ameniuliza bei ya kitu kimoja tu. Hakuuliza bei ya mkate, wala kodi ya chumba, wala nauli ya treni. Aliuliza: "Huko uliko, kiongozi wa mlima analipwa ngapi kwa siku?"

Nikamwambia ni zaidi ya faranga 600. Simu ikanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayekagua risiti: "Hiyo ni pamoja na bakshishi, au bakshishi ni mbali?"

Baba anaongoza wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu, tangu kabla sijazaliwa. Alianza kwa kubeba mizigo, akiwa mmoja wa wagumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyoitana. Akapanda kuwa kiongozi msaidizi, baadaye akapata leseni yake. Nyumbani tulikuwa na utani wetu: lile neno la Kiingereza la kazi yake ukilitamka Kiswahili linatoka "gaidi", kwa hiyo sisi ni watoto wa gaidi. Ada zetu za shule zilitokana na sheria moja ya hifadhi, kwamba hakuna mgeni anayepanda Kilimanjaro bila kiongozi aliyesajiliwa. Hata uwe umepanda milima mingapi kwenu, pale getini utaandikishwa pamoja na kiongozi wako, au utarudi hotelini.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba mimi na wenzangu wawili tunataka kuteleza kwa skii nje ya njia rasmi, kwenye theluji isiyopitiwa na mashine, bila kiongozi, hakuuliza kwa nini. Sababu alikwisha kuisikia: 600. Aliuliza kama serikali inaruhusu.

Inaruhusu. Unalipia tiketi, lifti inakupandisha hadi juu ya mita 2,700, na huko unakuta kamba, nguzo au kibao cha onyo, na baada ya kibao hakuna mtu. Hakuna geti, hakuna daftari la kusaini. Ukitaka kwenda, nenda.

"Basi huo siyo mlima," baba akasema. "Huo ni uwanja wa mpira usio na refa."

Nieleze nilifikaje hapo, maana najua msomaji wa Moshi ameshaanza kucheka. Nasoma uzamili wa mambo ya maji, hapa Lausanne. Kwa maneno mepesi, nasoma jinsi theluji inavyogeuka kuwa mto. Muhula wa kwanza nilishinda mbele ya kompyuta nikichora grafu za kina cha theluji ambayo sijawahi kuikanyaga, hadi siku moja mwalimu mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kuishika. Nimekua nikiiona Kibo kila asubuhi mawingu yakikubali. Lakini theluji ya Kibo kwetu ni kitu cha kutazama, kama mwezi. Baba ndiye aliyekuwa akienda huko. Sisi tulikuwa tunapokea soksi zake zenye vumbi.

Nikajiandikisha kozi ya skii ya wanafunzi, ile ya bei nafuu. Siku ya kwanza kundi letu lilipitwa na watoto wa miaka minne waliofuatana kama vifaranga, wote wima, mimi nimelala chali. Sitaeleza zaidi. Majira ya pili ya baridi nilikuwa naweza kushuka pisti nyekundu bila kumtaja Mungu kwa sauti.

Pisti ni kama barabara ya lami. Usiku mashine zinapita kuibana na kuisawazisha theluji. Asubuhi walinzi wanaikagua, na palipo na hatari wanalipua baruti ili theluji iliyolegea iporomoke kabla watu hawajafika. Jioni wanapita tena, wa mwisho, kuhakikisha hakuna aliyebaki. Kuna alama za rangi: bluu kwa waoga, nyekundu kwa wanaojiweza, nyeusi kwa wenye magoti mazima. Yote hayo yamo ndani ya bei ya tiketi. Ukitoka nje ya nguzo, hata kwa mita kumi, umetoka na kwenye huduma hizo.

Lakini nje ya nguzo ndiko theluji inakokuwa theluji. Mara ya kwanza nilikanyaga kwa bahati mbaya, nilipokosa kona. Skii zikazama, kelele ikakatika ghafla, ile kelele ya chuma juu ya sakafu ngumu ambayo nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoisikia. Nilisafiri mita ishirini pengine. Kisha nikaanguka, na hata kuanguka hakukuuma. Nilitoka pale na theluji shingoni na nia moja.

Wenzangu wawili walikuwa wa darasani. Mmoja ni kijana wa Tirol, Austria, aliyeanza kuteleza kabla hajajua kusoma; wote tulimwita Mtirol. Mwingine ni dada wa Kolombia, mwepesi na jasiri, ila alikuwa na majira mamoja tu ya skii miguuni. Tulikuwa watatu na bajeti ya mtu mmoja.

Tulianza kutafuta mahali panapofikika kwa urahisi. Hilo ndilo neno tulilolitumia usiku kucha kwenye jiko la hosteli: panapofikika. Tulimaanisha karibu na lifti, pasipo kupanda kwa miguu saa tatu, pasipo barafu ya kudumu yenye nyufa za kummeza mtu, pasipo genge, na pawe na njia ya kurudi kwenye treni kabla ya giza. Tulichagua Verbier, jimbo la Valais, kwa sababu mbili. Kwanza, treni inakufikisha Le Châble bondeni, na kebo inaondokea palepale stesheni. Ukiwa na kadi ya nusu nauli, hata mwanafunzi anafika. Pili, Verbier ina zile njia za alama za njano.

Hizi njia za njano ni uvumbuzi wa watu wenye akili. Zimewekewa nguzo, zinalindwa dhidi ya maporomoko, na hatari ikizidi zinafungwa. Ila mashine haipiti, na hakuna mlinzi anayezikagua jioni. Yaani ni nusu ya lami na nusu ya pori. Mojawapo inaitwa Vallon d'Arbi, bonde jembamba linalotazama kaskazini na kushukia kijiji cha La Tzoumaz. Kwa mtu asiye na kiongozi, hapo ndipo pa kuanzia. Ningekuwa na nidhamu, makala hii ingeishia hapa: tulikwenda Vallon d'Arbi, tukateleza, tukanywa kahawa.

Kabla ya safari tulifanya kila kitu ambacho wanafunzi wazuri hufanya. Kila siku saa kumi na moja jioni, majira ya baridi, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kwa nchi nzima, na asubuhi huipitia tena. Kipimo kinaanzia 1 hadi 5. Nilivyokuwa nafikiri mimi, 3 ni katikati, na katikati ni salama kiasi, kama alama C kwenye mtihani. Siyo hivyo. Karibu nusu ya vifo vya maporomoko Uswisi hutokea siku za hatari ya 3, kwa sababu siku za 4 na 5 watu wanaogopa na kukaa chini, na siku ya 3 jua linawaka na kila mtu anatoka. Na katika maporomoko mengi yanayoua wateleza skii, anayeangusha theluji ni yeye mwenyewe au mwenzake. Mlima unakuwa umekaa kimya, umebeba bamba lake la theluji ngumu juu ya theluji laini, unasubiri uzito wa mtu mmoja.

Kwa hiyo unaangalia mwinuko. Ramani za serikali ya Uswisi, zile za kwenye simu, zinaweza kupaka rangi kila mteremko unaozidi nyuzi 30: njano, kisha chungwa, kisha nyekundu, kisha zambarau. Mabamba ya theluji huporomoka hasa kwenye rangi hizo. Sisi tukaapa kubaki kwenye nyeupe. Tukakodi vile vitu vitatu ambavyo huendi bila navyo: kifaa kidogo cha kurusha na kupokea mawimbi, koleo, na fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji ili kumtafuta aliyefukiwa. Tukafanya mazoezi kwenye bustani ya hosteli, tukificha kifaa ndani ya soksi vichakani, mwanamke mmoja mwenye mbwa akitutazama kwa huruma. Dakika kumi. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi ana nafasi nzuri ya kuishi. Baada ya hapo nafasi inashuka haraka. Hakuna helikopta ya kutegemea kwa muda huo, hata Uswisi. Anayekuokoa ni yule uliye naye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Februari. Taarifa ilisema 3: miteremko ya kaskazini na mashariki, juu ya mita 2,200, theluji iliyosombwa na upepo. Tuliisoma kwenye treni, kwa sauti, kila mtu akatikisa kichwa kwa hekima. Juu tulipita kwenye ile mashine inayokagua kama kifaa chako kinarusha mawimbi: kijani, kijani, kijani. Tukasimama kwenye mkahawa wa kituo cha juu, tukanywa chai ya bei ya chakula cha mchana, tukatoka.

Kutoka ziwa la Lac des Vaux unakata ubavu wa mlima kwa mlalo, skii moja juu na nyingine chini, mapaja yanawaka moto, mpaka mahali njia zinapogawana. Upande mmoja unarudi Verbier, upande wa pili unashuka Vallon d'Arbi. Njano ilikuwa wazi. Ila watu waliotutangulia walikuwa wengi, na theluji kati ya nguzo ilikuwa tayari imefumuka mafundo mafundo, kama shamba la viazi. Mtirol akasimama, akanyoosha fimbo yake. Mkononi mwetu wa kulia, nyayo sita au saba za skii zilitoka kwenye nguzo, zikapanda kidogo, zikapotea nyuma ya bega la mlima.

"Kule hakujaguswa," akasema. "Na wote wamepita."

Wote wamepita. Nayajua maneno hayo. Nimewahi kuyasema nikivuka Barabara ya Mandela.

Tukafuata nyayo. Mtirol mbele, mimi katikati, dada wa Kolombia nyuma. Nyuma ya bega kukawa kimya na kuzuri kiasi cha kuchukiza: uso mweupe uliopinda kama tumbo la chungu, theluji imenyooka, jua linagusa ukingo wa juu tu. Zile nyayo zikashuka katikati yake, moja moja, mikunjo iliyolingana kama mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza. Mtirol alikuwa ameshaanza kufunga kofia yake ya chuma.

Niliposogea ili nisimame kando yake, ardhi ikatoa sauti. Sijui niielezeje. Siyo mlio wa kupasuka. Ni kama mtu amekalia godoro kubwa chumba cha pili. Vuum. Theluji chini yetu ikashuka kidogo sana, chini ya sentimita moja, na hewa ikatoka. Tulikuwa tumesimama kwenye tambarare, kwa hiyo hakuna kilichoteleza. Lakini darasani sauti hiyo tumeisoma kwa grafu na kwa hesabu. Ni tabaka dhaifu la chini limevunjika, na kuvunjika huko kumetembea.

Nikatoa simu kuangalia ramani. Asilimia 22, halafu skrini ikawa nyeusi. Baridi imeikausha betri. Hapo nilimkumbuka baba, siyo kwa busara yoyote, ila kwa betri: usiku wa kupanda kileleni yeye huzilaza betri za tochi kwenye nguo za ndani, karibu na ngozi, na mama alikuwa akimcheka. Nikaichomeka simu kifuani, nikasubiri. Mtirol alikuwa anasubiri pia, kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize kusali.

Simu ilipowaka, chungwa. Chungwa na kipande cha nyekundu.

"Mimi sishuki hapa," nikasema.

Akaniambia hivi, na hoja zake zote zilikuwa za kweli: watu saba wamepita leo, yeye ameshuka miteremko kama hii mara mamia, tungeweza kwenda mmoja mmoja, kurudi nyuma ni kupanda. Mimi nilikuwa na hoja moja, na nilikuwa na majira mawili ya skii. Dada wa Kolombia alifika, akasikiliza, akasema yeye atafuata tutakachoamua. Wakati huo kundi la watu wanne likaja nyuma yetu kwa zile zile nyayo zetu, wakatusalimu kwa Kifaransa, wakashuka wote karibu kwa pamoja, wakipiga kelele za furaha. Vumbi la theluji likang'aa juani. Walipofika chini walikuwa wadogo kama chunguchungu, wakapeana mikono.

Hakuna kilichotokea. Nasema hivi mapema kwa sababu najua jinsi hadithi za namna hii zinavyokwenda. Mlima haukuporomoka nyuma yetu kunithibitishia. Tulipanda kwa kukanyaga ubavu ubavu, skii moja baada ya nyingine, dakika arobaini, kwa umbali tulioufuata kwa dakika tano. Hakuna aliyezungumza. Mtirol alikuwa mbele, na mgongo wake ulikuwa umenuna. Kisha tukashuka Vallon d'Arbi ya njano, fundo kwa fundo, nikaanguka mara nne, tukafika La Tzoumaz. Siku mbili baadaye Mtirol alirudi na marafiki zake wengine, akauteleza ule uso, akanitumia picha. Mikunjo yake ilikuwa mizuri sana.

Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Kwenye mtihani ukikosea unawekewa alama ya mkasi. Mlimani unaweza kukosea mara tisini na tisa na ukapewa theluji nzuri mara tisini na tisa, ukaanza kujiita mzoefu. Na ukipatia, kama pengine nilipatia, unachopewa ni kupanda dakika arobaini na rafiki aliyenuna. Sina namna ya kujua kama nilikuwa na akili au nilikuwa mwoga tu.

Jioni hiyo hosteli nilikuwa nimeshaanza kujipongeza, hata hivyo. Nilikuwa nimesema hapana. Nilijiona mtoto wa kiongozi kweli. Tukawa tunakusanya vifaa kuvirudisha dukani, na mimi nikawa navizima kimoja kimoja. Cha kwanza nikazima. Cha pili nikazima. Cha dada wa Kolombia kilikuwa kimezimwa tayari.

Nikamuuliza amekizima saa ngapi. Akafikiri. Akasema kule juu, kwenye choo cha mkahawa, kilikuwa kinalialia, akabonyeza ili kinyamaze. Alidhani amenyamazisha sauti tu.

Yaani tangu chai. Alivuka ubavu wote ule, akasimama juu ya ile theluji iliyotoa pumzi, akapanda nasi dakika arobaini, akiwa nyuma kabisa, na kifaa chake hakirushi chochote. Kama angefukiwa tungekuwa tunatafuta kwa fimbo, shimo kwa shimo, kwenye uwanja mweupe. Tena nani angejua amefukiwa? Mtirol alikuwa anatazama mbele. Mimi nilikuwa nautazama mgongo wa Mtirol.

Hakuna aliyemlaumu. Mtirol alikaa kitandani, akashika kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa na uzoefu wa miaka ishirini, na ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Tulikagua mara moja tu. Asubuhi."

Tumerudi tangu hapo, lakini siyo Verbier. Ukishuka treni Le Châble, kebo ya pili inapanda upande wa pili wa bonde, kwenda Bruson. Tiketi ni hiyo hiyo. Wenye majina wanakwenda Verbier. Bruson wanakwenda wenyeji na wanafunzi. Mteremko unatazama kaskazini, kwa hiyo theluji inakaa, na una msitu wa misonobari ile inayopukutisha sindano zake, iliyoachana vya kutosha mtu kupita katikati. Tulikaa mchana mzima mwezi wa tatu tukitafuta vipande vya msitu ambavyo kwenye ramani ni vyeupe na ambavyo vinatokea tena kwenye pisti chini. Miti peke yake haikulindi, hilo nalijua sasa. Kinachosaidia ni ulegevu wa mteremko. Tulivipata vitatu. Kirefu kuliko vyote tulikimaliza kwa dakika kumi, na katika hizo dakika kumi nilipoteza skii moja ambayo tuliitafuta kwa dakika ishirini na tano kwa ile fimbo ya kutafutia maiti. Theluji ilifika magotini. Matawi yalikuwa yanatumwagia theluji shingoni. Hapakuwa na chochote cha kupiga picha. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kila tukishuka kwenye lifti, mimi nilikuwa natangulia mita thelathini, nageuka, nashika kifaa changu, na wao wanapita mbele yangu mmoja mmoja mpaka nisikie mlio wa kila mmoja. Na mara baada ya chai, tena. Mtirol mwanzoni alikuwa anapita akitoa saluti. Baadaye aliacha saluti akabaki anapita.

Nikampigia baba Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umerudi na miguu yote miwili?"

Nilimsimulia ile siku ya Februari, nikiipamba kidogo: ile sauti, betri kifuani, wale wanne, lile hapana langu. Alisikiliza bila kukatiza, nikisikia redio ya jirani na jogoo. Nilikuwa nasubiri sifa. Aliniambia habari ya lifti badala yake. Mwaka 2019, serikali iliposema inafikiria kujenga kebo Kilimanjaro, viongozi na wagumu walipinga kwa sababu ya kazi zao, na yeye alipinga pamoja nao. Lakini alikuwa na sababu yake nyingine ambayo kwenye mkutano hakuisema. Kutoka Mandara hadi Horombo, alisema, unatembea nyuma ya mtu siku nzima. Unamwona anavyokunywa maji, anavyojibu akitaniwa, anavyofunga kamba za viatu. Ukifika Kibo usiku ule, unajua nani atasema ukweli akiumwa na nani atadanganya. "Sasa mtu akiletwa na kebo, utamjulia wapi? Mmefika wote juu ndani ya nusu saa, hamjuani."

Kisha akauliza: "Na siku hiyo, nyuma alikuwa nani?"

Nikamwambia, dada wa Kolombia.

"Ndiye mzoefu?"

"Hapana. Ndiye mwanafunzi kuliko sote."

Akanyamaza. Kwenye makundi ya baba, nyuma hukaa kiongozi msaidizi, na hapitwi na mtu yeyote, hata mgeni akisimama kwenda haja. Sikumbuki kama aliwahi kunifundisha hilo. Lilikuwa tu jambo linalojulikana nyumbani, kama mahali chumvi inapokaa. Nikamweleza basi na habari ya kifaa, ile sehemu niliyokuwa nimepanga kutoisema.

Safari hii kimya kilikuwa kirefu zaidi kuliko kile cha faranga 600. Jogoo aliwika mara mbili.

"Na sasa anayewakagua ni nani?"

"Mimi."

"Wanakulipa?"

Nikamwambia Mtirol huninunulia kahawa.

"Na bakshishi?"